Nyumba Iliyofukuza Chumvi

Wana mtaa wenzangu, vuteni viti mkae. Nawaambia hasa ninyi mliokuwa mkipita barazani kwangu mkinong'ona, na ninyi mliokuja kusuka nywele kwangu huku mnamteta mke wa watu. Leo naisimulia hadithi hii mbele yenu, si nyuma ya migongo yenu, maana nimechoka kuisikia ikizunguka mtaani kichwa chini miguu juu.

Ilianza kwa amani. Ilikuwa asubuhi tulivu, jua bado halijawa kali, nami nilikuwa barazani namfumua mteja nywele. Upande wa pili wa ukuta alikaa jirani yangu, fundi makochi, ambaye sote hapa tunamwita Fundi. Alikuwa ametoka hospitali majuzi tu. Alikalia kiti alichokifunika kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, kavaa shati pana la kuficha tumbo, akitazama karakana yake iliyo mbele ya nyumba, yenye sponji zilizopangwa hadi darini na kochi la mteja lililovuliwa nguo likabaki mbao na springi.

Mkewe, Mama Pacha, alitoka jikoni na jagi na kikombe kidogo. Akammiminia, akamwambia anywe taratibu, asigugumie. Fundi alionja, akakunja uso, akasema kinywaji kile kina ladha ya machozi. Mkewe akacheka. "Afadhali uyanywe wewe kwenye kikombe kuliko niyalie mimi," akamjibu, na hata mteja wangu akacheka nywele zikiwa zimemsimama nusu kichwa.

Sasa kwa wasiojua, na najua wengi wenu mnajifanya mnajua, nitaeleza. Fundi aliugua utumbo kwa muda mrefu akiona haya kusema. Alikuwa akitoka damu chooni na kunyamaza, mpaka ikabidi apelekwe hospitali kwa kubebwa. Madaktari wakaukata utumbo mpana wote. Ncha ya utumbo mwembamba wakaitoa nje kwa tundu dogo tumboni, upande mmoja, na juu ya tundu hilo hubandikwa mfuko unaopokea choo. Mfuko haujafika hata nusu, anakwenda kuumwaga chooni, ananawa, anarudi kazini. Si laana wala si uchawi. Ni upasuaji, na watu wengi wanaishi nao mkiwapita njiani msijue.

Kabla ya kuwaruhusu, nesi aliwakalisha mke na mume akawafundisha. Mama Pacha alinieleza mafundisho yote, kwa sababu alitaka na mimi jirani niyajue, siku akitoka niweze kusaidia. Utumbo mpana, nesi alisema, ndio unaofyonza maji na chumvi na kuvirudisha mwilini. Ukiondolewa, vyote viwili vinatoka. Kwa hiyo mtu wa hali hiyo anaweza kukauka huku anakunywa. Akijaza tumbo kwa maji matupu, yatapita mbio na kutoka yamebeba chumvi ya mwili wake. Kinachomfaa ni maji yaliyotiwa sukari na chumvi kwa kipimo, anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Chakula chake kiwe na chumvi, kiwe laini, ale mara nyingi kwa sahani ndogo: wali ulioiva sana, viazi vya kuponda, mkate mweupe, ndizi mbivu, yai. Mahindi, karanga, maganda na mboga mbichi aviache kwanza, maana vinaweza kuziba lile tundu. Atafune mpaka chakula kilainike kabisa mdomoni. Na auangalie mkojo wake. Ukiwa mchache na rangi yake kama chai ya rangi, asingoje, arudi hospitali.

Fundi alikuwepo wakati nesi anayasema hayo. Hata aliuliza maswali, akajibiwa.

Basi amani ile ilidumu mpaka Dada Mkubwa alipoteremka kwenye teksi na mabegi yake.

Dada Mkubwa ni dada yake Fundi wa kwanza kuzaliwa, matroni mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyezoea kupiga kengele watu wakajipanga mstari. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea Fundi, akamsomesha, akamwombea nafasi ya kujifunza ufundi. Hilo halina ubishi, na mimi simnyimi mtu haki yake. Lakini wema wa zamani si cheti cha udaktari.

Tena mwenyewe ana shinikizo la damu. Kuna kipindi lilimpanda nusura apooze, na daktari wake akamkataza chumvi. Akatii, akapona vizuri. Tangu hapo Dada Mkubwa anaichukia chumvi kama mtu anavyomchukia mwizi aliyewahi kumvunjia nyumba. Kila anapofikia, chumvi inahama.

Hata mabegi hayajafunguliwa, alifika mezani akaliona lile jagi. Alionja, akatema.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Ni maji yake, dada. Yana sukari na chumvi kidogo. Nesi alisema anywe haya."

"Mtu katoka kupasuliwa, unamlisha chumvi? Unataka shinikizo limpande afe mara moja, upumzike?"

"Hana shinikizo, dada. Ugonjwa wake ni mwingine."

"Mimi na yeye tumetoka tumbo moja. Kinachoniua mimi kitamuua na yeye."

Tumbo moja, sawa. Lakini la kwake yeye lilikuwa na utumbo wote ndani, la mdogo wake lilikuwa limekatwa. Hilo hakutaka kulisikia. Alilimwaga jagi lote kwenye sinki mbele ya macho ya Fundi, na Fundi akatazama pembeni.

Kuanzia siku hiyo jiko likapata mwenyewe mpya. Kopo la chumvi lilitupwa jalalani. Mahali pa jagi la dawa liliwekwa jagi kubwa la maji matupu, na Dada Mkubwa akasimama juu ya mdogo wake akihakikisha analimaliza, kwa sababu, alisema, maji ni uhai. Mkate mweupe ukaitwa takataka. Wali laini ukaitwa chakula cha vibogoyo. Fundi akaletewa mabakuli ya mboga mbichi, kabichi na karoti, mahindi ya kuchemsha na maharage yasiyo na chumvi, vile vyakula alivyopewa Dada Mkubwa kliniki kwake kwa ajili ya shinikizo lake. Kwa mwili wake yeye vilikuwa dawa. Nami siwezi kusema alikuwa na nia mbaya, ingawa ningependa sana kusema hivyo.

Mfuko ukaanza kujaa mbio. Fundi alikuwa akipigilia misumari miwili mitatu, anaacha nyundo, anakwenda chooni. Kilichotoka kilikuwa maji matupu. Siku moja mfuko ulibanduka mteja akiwa amesimama pale anachagua kitambaa, ukamwagika. Mteja akaondoka bila kuchagua. Dada Mkubwa alipoona hivyo hakujiuliza kama maji yake ndiyo yaliyoleta hali ile. Alimgeukia mke wa mtu. Alidai Mama Pacha bado anamtilia mumewe chumvi kwa siri, ndiyo maana anaharisha.

Ukweli ni kwamba Mama Pacha alijaribu. Alikuja kwangu akachanganya yale maji jikoni kwangu, akayatia kwenye chupa, akampelekea Fundi karakana akiwa ameifunika kwa kitambaa cha makochi. Fundi alikunywa mara chache, na siku hizo alionekana ana nguvu. Kisha Dada Mkubwa akaikuta chupa nyuma ya sponji. Kelele zilizotoka humo ndani mlizisikia wote, maana niliwaona mmetoa vichwa madirishani.

Likaitishwa baraza la ukoo. Alikuja baba mdogo wao, mtu mzima wa kuheshimika ambaye kazi yake kwenye vikao ni kukubaliana na anayepiga kelele zaidi. Wakaja na shangazi zao. Mimi nilikuwa barazani kwangu, na ukuta wetu mnaujua ulivyo. Dada Mkubwa alieleza kwa ufasaha kwamba wifi yake ni mkaidi, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mdogo wake atakufa kwa ujeuri wa mwanamke. Shangazi mmoja akaongeza kwamba pengine kuna kitu zaidi ya chumvi kwenye hiyo chupa. Neno hilo ndilo mlilolibeba ninyi, mkalisambaza mtaa mzima kabla jua halijazama.

Mama Pacha alimgeukia mumewe.

"Baba Pacha, nesi alituambia wote wawili. Wewe ulikuwepo. Waambie alichosema."

Nilingoja kusikia sauti ya Fundi. Neno moja tu lingetosha. Mtu mwenyewe ndiye aliyekatwa, mfuko uko tumboni mwake, na wote wale walikuwa wamekaa kwenye makochi aliyoyatengeneza.

"Dada ndiye aliyenilea," alisema Fundi. "Siwezi kubishana naye."

Baba mdogo akakohoa, akatoa uamuzi kwamba Mama Pacha aende kwao akapumzike, mpaka mgonjwa apate nafuu. Mama Pacha alifungasha mchana uleule. Pacha wao walikuwa shule ya bweni, hawakuwepo kuona. Alinipitia kuniaga, macho makavu, akaniachia paketi yake ya chumvi. Akaniomba nikiweza nimsaidie mumewe.

Nilikwenda, na msiseme sikwenda. Nilibisha hodi na kikombe cha yale maji ya sukari na chumvi mkononi. Dada Mkubwa alifungua mlango kiasi cha kutoa pua, akaniambia msusi ashughulike na vichwa, matumbo awaachie wenyewe. Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Mlango ukafungwa. Nikampitia Fundi karakana, nikamwambia anywe upesi kabla dada yake hajatokea. Akakiangalia kikombe kwa kiu ya kweli, akatazama mlango wa nyumba, akasema, "Jirani, usiniletee vita." Nikarudi nacho. Nilimkasirikia, na hadi leo bado nimemkasirikia.

Baada ya hapo tulimwona akiisha mbele yetu. Macho yalizama ndani. Midomo ikapasuka, ulimi ukawa unamkwama akizungumza. Misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza ghafla mpaka anakaa chini na kushika mashavu ya miguu akiuma meno. Akisimama, kizunguzungu kinamrudisha kitini. Mahindi nayo yalimletea maumivu ya tumbo ya kumkunja, na badala ya kuachishwa, aliambiwa utumbo unajifunza kazi. Alikunywa maji jagi kwa jagi na kiu haikuisha. Mteja wangu mmoja wa kila mwisho wa mwezi, mke wa dereva wa teksi, alisema wazi kwamba mtu huyu amelogwa na mkewe na uchawi wenyewe sasa unamfuata kutoka kwao. Nilimsuka siku hiyo nikamkaza nywele mpaka akalia.

Siku aliyoanguka alikuwa anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi. Kazi ile inataka nguvu za mikono na kiuno, kitambaa kivutwe kikazike ndipo kipigiliwe. Nilisikia nyundo imeanguka, kisha kitu kizito. Nilipofika alikuwa sakafuni kati ya misumari, mkono bado umeshika pindo la kitambaa, midomo imekauka kama karatasi. Tukamwinua mimi na Dada Mkubwa, maadui wawili tumeshika mtu mmoja, tukamtia kwenye teksi. Njiani alimwita dada yake kwa sauti ambayo haikusikika vizuri. Dada Mkubwa alimwambia atulie, yupo.

Hospitali walimtundikia dripu kabla hata hawajauliza jina. Baadaye daktari alitoka akauliza nani anamhudumia mgonjwa nyumbani. Dada Mkubwa alisimama, akanyoosha gauni lake.

"Mimi hapa, daktari. Nimemtunza mwenyewe. Tangu nimeingia ile nyumba hajaonja chumvi hata chembe, na maji namnywesha jagi zima asubuhi, jagi zima jioni. Mboga mbichi kila mlo. Kama kuna aliyemharibia, aliondoka zamani."

Daktari alimwomba arudie, akarudia, tena kwa kujivuna zaidi. Kisha daktari akamwambia kwa sauti ya chini, bila kumkaripia, "Mama, hayo uliyonitajia ndiyo yaliyomfikisha hapa."

Akamweleza polepole. Mwili wa mdogo wake ulikuwa umeishiwa chumvi na maji, damu ikapungua msukumo, na figo zikakaa muda mrefu bila kupata damu ya kutosha. Zimeumia. Watajitahidi kuziokoa kadiri itakavyowezekana, lakini hawezi kuahidi zitarudi zilivyokuwa. Dada Mkubwa alisikiliza akiwa amesimama. Daktari alipoondoka aliendelea kusimama palepale, na watu wa machela wakawa wanampita kushoto na kulia. Sijawahi kumpenda mwanamke yule, ila siku hiyo nilimshika mkono nikamkalisha.

Nilimpigia simu Mama Pacha. Alikuja siku ileile. Alipofika koridoni, Dada Mkubwa aliinuka, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kumwinukia wifi yake.

"Wifi, sikujua," alisema.

"Ungeuliza," alijibu Mama Pacha, akampita akaingia wodini.

Niliingia nyuma yake nikiwa nimebeba begi. Fundi alikuwa ameanza kupata fahamu vizuri. Alipomwona mkewe alilia, akasema dada amewakosea sana, dada ndiye aliyeharibu kila kitu. Mama Pacha alimwacha amalize. Alivuta kiti, akakaa, akamtengenezea mto.

"Dada yako hakujua," alimwambia. "Alifundishwa ugonjwa wake, akadhani ni wako. Wewe ulifundishwa wa kwako. Ulikaa ukanitazama nafungasha nguo, na ulijua."

"Nilimwogopa, Mama Pacha. Nilimheshimu."

"Najua. Na figo zako ndizo zimelipia hiyo heshima."

Halafu akauliza manesi kikombe kiko wapi, akaanza kumnywesha, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. 

Fundi hakufa, na wapo wanaosema basi mwisho ulikuwa mwema. Waulizeni figo zake. Karakana ameikodisha kwa fundi mwingine, maana hawezi tena kuvuta kitambaa wala kuinua kochi. Kila kinywaji na kila punje ya chumvi sasa vinapimwa na daktari, kwa sababu zile figo zilizoumia hazivumilii kuzidishiwa wala kupunguziwa. Jambo lililokuwa rahisi, jagi moja la maji yenye ladha ya machozi, limekuwa hesabu ya maisha yake yote. Na mkewe anamtunza vizuri, hakuna atakayemlaumu, lakini kicheko nilichokisikia ile asubuhi sijakisikia tena kuvuka ukuta ule. Dada Mkubwa alirudi kwake. Anatuma salamu. Zinapokelewa.

FUNZO

Wana mtaa, mgonjwa si bakuli la kila mtu kutia kijiko. Alichokatazwa mwenzio usijikataze wewe, na ulichokatazwa wewe usimkataze mwenzio. Shinikizo la damu lina masharti yake, na mtu aliyetolewa utumbo mpana ana ya kwake, tena mara nyingi yanapingana kabisa. Anayejua ni yule aliyemtibu, basi mwendee ukamuulize, hata kama una mvi kichwani na umewahi kulea watu mia.

Mwenye mfuko tumboni anakauka upesi kuliko sisi. Maji yake ni lita moja iliyochemshwa ikapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila kijiko kimesawazishwa juu kwa kisu kisifurike, na anywe kwa mafunda kutwa, ila kama daktari wake amempangia vingine afuate vya daktari. Akiona mkojo umepungua na kuwa mweusi, kinywa kimekauka, miguu inakaza, kichwa kinazunguka, au mfuko unajaa maji matupu bila kukoma, aende hospitali. Na mfuko ukikauka kabisa huku tumbo linauma, aende pia, asikae kungoja kikao cha ukoo.

Wewe mgonjwa, kubwa kuliko yote ni lako. Heshima kwa aliyekulea ni wajibu, lakini hakukulea ili ufe kwa kumwonea haya. Ulichoambiwa na nesi kiseme mezani, mbele ya shangazi na baba mdogo, hata wakinuna. Kununa kunaisha. Figo ya Fundi haioti tena.

Sasa nendeni. Na yule aliyesema Mama Pacha amemloga mumewe anajijua, na nywele zake mimi ndiye niliyezisuka. Aende akamwombe radhi leo, kabla sijamtaja.